Mawenzi iko upande gani?

Ukisimama Moshi ukautazama mlima Kilimanjaro, kilele cha Kibo kiko kushoto na cha Mawenzi kulia. Anayeutazama kutoka Amboseli, ng'ambo ya mpaka, Kenya, anaona kinyume: Mawenzi kushoto. Kwa hiyo nembo ya kikundi kimoja cha Moshi, iliyoshinda shindano ikiwa na Mawenzi kushoto, inajisema yenyewe. Aliyeichora aliingia intaneti, akaipata ile picha ya tembo na mlima nyuma yao, akafuatisha mstari.

Ni rahisi kumlaumu dizaina. Lakini kazi hiyo ilipita mikononi mwa majaji wanaouona mlima kila wanapofungua dirisha asubuhi, na hakuna aliyeuliza. Hawakuuliza kwa sababu tangazo lenyewe lilikuwa na mistari minne: tunatafuta nembo, iakisi uzuri wa Kilimanjaro, mwisho wa kupokea ni mwisho wa mwezi, zawadi nono. Kwa maoni yangu, mashindano mengi ya sanaa na ubunifu hapa Arusha na Moshi huharibikia hapo kwenye tangazo, kabla mtu hajashika penseli.

Tuanze na nembo, maana ndiko uharibifu ulikojaa. Nembo ya hapa kwetu haijakamilika mpaka ipite kwenye muhuri. SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ina muhuri, AMCOS (chama cha ushirika wa wakulima) ya kahawa ina muhuri, shule, kampuni ya kupandisha wageni mlimani, hata kikundi cha akina mama cha kukopeshana. Muhuri wa duara una upana wa sentimita nne hivi, wino ni wa rangi moja, na kile kidau mara nyingi kimelowa kupita kiasi. Hapo machweo ya rangi ya chungwa yanayofifia kuelekea zambarau hugeuka doa. Mstari mwembamba kuliko nusu milimita hujaa wino au hupotea. Twiga, mshita, kilele, jua na shada la kahawa, vyote ndani ya duara moja, vinatoka kama alama ya kidole. Kwa hiyo tangazo la nembo lidai mambo mawili tangu mwanzo: nembo ya rangi moja, nyeusi juu ya nyeupe, na nakala iliyochapishwa ikiwa na upana wa sentimita 2. Isiyosomeka kwa udogo huo iwekwe kando, hata ikiwa inapendeza namna gani kwenye skrini.

Kisha fulana. Moshi hapa, kadiri mbio za Februari zinavyokaribia, kila mtu anataka mchoro wa fulana. Kuprinti kwa skrini kunataka skrini moja, yaani fremu ya wavu wa kupitishia wino, kwa kila rangi, na kitambaa kikiwa cheusi inaongezeka nyingine ya nyeupe ya kulalia hizo rangi. Mwandaaji aliyetangaza "rangi huru" akaupa ushindi mchoro wa rangi tano wa fulana nyeusi, anakwenda kwa mprintaji na kukuta skrini sita, bei imepanda, na mchoro unapunguzwa na fundi ambaye hata hakuwa mshiriki. Andika kwenye tangazo: rangi zisizidi mbili, basi. Na kama nembo itadariziwa kwenye kofia au shati la kazi, herufi fupi kuliko milimita 5 zitajaa uzi. Zitaje hizo pia.

Faili la mwisho liwe la vekta, yaani SVG, AI (ya programu ya Adobe Illustrator) au PDF iliyochorwa kwa mistari, siyo JPG iliyofungwa ndani ya PDF. Kujua tofauti ni rahisi: likuze mara kumi. Kingo zikibaki kali, ni vekta. Zikiwa ngazi ngazi, umetumiwa picha. Maandishi yageuzwe kuwa maumbo kabla ya kutuma, la sivyo kompyuta ya mchapaji isiyo na fonti ile itaweka ya kwake.

Siku hizi kuna suala la Canva, ile programu ya kudizaini mtandaoni, na picha za akili mnemba. Siyo dhambi kuzitumia kwa tangazo la harusi. Kwa nembo ni mtego, kwa sababu michoro ya akiba ya Canva iko wazi kwa kila mtu, na masharti yao wenyewe hayaruhusu kuisajili kama alama ya biashara. Mwandaaji akifika BRELA, kwenye usajili wa alama za biashara, na nembo iliyojengwa kwa twiga wa akiba, anabeba tatizo lililoanzia kwenye tangazo lake. Dawa ni kuomba michoro ya awali ya penseli, hata mitatu tu, iliyopigwa picha kwa simu. Aliyechora kweli anayo karatasi yenye mistari iliyofutwa.

Sasa kwenye haki, na hapa nitakaa kidogo. Sharti linalonakiliwa kutoka tangazo moja hadi jingine husema: "Kazi zote zitakazowasilishwa zitakuwa mali ya mwandaaji." Lisome tena. Zote. Watu arobaini wakituma, mmoja analipwa, na thelathini na tisa wametoa kazi zao bure, tena kwa mtu anayeweza kuzitumia mwakani bila kuwauliza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji tangu kazi inapokamilika mkononi mwake, bila kungoja cheti, na ulinzi huo unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Unaitoa haki ya urefu huo kwa kubonyeza "tuma".

Sharti la haki linaweza kuandikwa kwa mistari mitatu tu: "Haki za kazi zisizoshinda zinabaki kwa waliozibuni. Haki za kiuchumi za kazi iliyoshinda zitahamishiwa kwa mwandaaji kwa mkataba wenye saini, siku zawadi itakapolipwa. Jina la mbunifu litatajwa kila nembo itakapotangazwa." Mwandaaji anayeliogopa sharti hili hajielewi, maana ndilo linalomlinda yeye. Siku anapotaka kuisajili nembo, karatasi yenye saini ya mbunifu ina thamani kuliko ujumbe wa WhatsApp unaosema "hongera umeshinda".

Na nitasema lisilopendwa: nembo haihitaji shindano la wazi kabisa. Kama bajeti ya zawadi ipo, chagua madizaina watatu ambao kazi zao umeziona, walipe kila mmoja kiasi kidogo cha mchoro wa kwanza, kisha aliyechaguliwa alipwe kilichobaki kwa kukamilisha. Unapata michoro mitatu iliyofikiriwa, kila mmoja akiwa amekuuliza maswali kuhusu kazi yako, badala ya sitini iliyochorwa usiku mmoja na watu ambao hawajui hata unauza nini. Shindano la wazi lina mahali pake kwa uchoraji, picha za kamera, watoto wa shule na ukuta wa mtaani, ambako kazi ina thamani yake hata isiposhinda. Nembo isiyoshinda haiuziki popote pengine. Mchoro wa soko la Kilombero unauzika.

Ada ya kushiriki? Kama ada ndiyo inayojaza zawadi, hiyo inanuka bahati nasibu. Pita mbali.

Kuna jambo dogo linaloumiza watu kila msimu: saa. Tangazo la lugha mbili linasema kwa Kiingereza mwisho ni 12:00, na kwa Kiswahili "saa 12:00". Mmoja ameelewa adhuhuri, mwingine jioni, na wa tatu, mwenye haraka zake, alfajiri. "Saa sita usiku tarehe 30" nayo ina usiku miwili: ule wa kuamkia tarehe 30 na ule wa kuamkia mwezi mpya. Andika "Ijumaa, saa 10:00 jioni (16:00)". Usiweke mwisho Jumapili usiku. Hakuna atakayekuwepo kupokea simu ya mtu ambaye faili lake limekataa kupanda. Kwa wito unaotoka Ulaya au Marekani, angalia saa imetajwa ya wapi: sisi tuko saa tatu mbele ya Greenwich, kwa hiyo saa sita usiku ya London wakati wa baridi kwetu ni saa tisa alfajiri ya siku inayofuata.

Tuje kwa wachoraji, maana lawama zote haziwezi kuwa za waandaaji. Kazi nzuri nyingi hutupwa kwenye mchujo wa kwanza kwa sababu ya picha mbovu. Jaji haoni mchoro wako, anaona picha yake. Mwanga wa taa ya ndani huifanya nyeupe kuwa njano, flashi huacha ng'aro katikati ya rangi ya mafuta, na picha inayopigwa kwa kuinamia mchoro uliolala sakafuni hugeuza mraba kuwa kitako cha ndoo. Utundike mchoro ukutani, nje, kivulini, mchana. Lenzi ya simu iwe sawa na katikati ya mchoro, urefu uleule, bila kuinamisha simu. Rudi nyuma hatua tatu na utumie zumu ya 2x kama simu inayo, kwa sababu ukisogea karibu sana lenzi pana huvimbisha kingo. Weka karatasi nyeupe pembeni kwenye picha ya kwanza ili ujue nyeupe imetoka nyeupe. Wachoraji wa Arusha huyalalamikia mawingu ya Juni na Julai yanayouficha Meru siku nzima, na hawajui kwamba hiyo ndiyo taa bora ya studio wanayoweza kuipata bure: mwanga unatoka pande zote, hakuna kivuli wala ng'aro.

Tangazo likidai A3 kwa dpi (nukta kwa inchi) 300, maana yake ni pikseli 3508 kwa 4961. Simu nyingi za sasa zinatosha kamera ikiwekwa kwenye ukubwa wake kamili, mradi picha usiitume kama picha ya WhatsApp, ambayo huibana. Itume kama dokumenti, au kwa barua pepe, ukikumbuka kwamba Gmail inakomea MB 25. Jina la faili liwe jina lako na jina la kazi. "Final final mpya 3" wapo wengi.

Ukichaguliwa, kazi yenyewe lazima isafiri. Wanaochora kwa mtindo wa Tingatinga wanatumia rangi ya mafuta yenye kung'aa, ukoo wa ile rangi ya baiskeli aliyoanza nayo Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Yeye alichora kwenye ubao mgumu, ambao haukunjiki. Wengi wa leo wanachora kwenye kitambaa, na rangi ile huonekana imekauka juu kumbe chini bado laini. Ukiikunja baada ya siku tatu na kuiweka kwenye buti la basi la kwenda Dar, joto linaifanya inatane. Iache wiki mbili, na zaidi wakati wa masika. Weka karatasi isiyoshika mafuta juu ya rangi, ile ya kuokea keki. Gazeti litaacha habari zake juu ya mchoro na nailoni itanata. Kisha viringisha rangi ikiwa upande wa nje. Wengi huiweka ndani wakidhani wanailinda, na hapo rangi inabanwa na kujikunja mikunjo. Ikiwa nje inanyooka tu. Viringisha juu ya bomba la plastiki la inchi 4, lisilopungua hapo. Kitambaa kilichopakwa rangi ya maji ya ukutani ya bei rahisi kama msingi kitapasuka hata ukifanya yote hayo. Changanya na gundi nyeupe ya mbao, paka mara mbili nyembamba, piga msasa katikati.

Mashindano ya ukutani yana hesabu yake. Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba kumi hivi kwa mkono mmoja, kwa hiyo ukuta wa mita 8 kwa 3 utakula lita tano kwa mikono miwili ya msingi kabla hata hujachora jicho la mtu. Nani ananunua? Tangazo likinyamaza, ni wewe. Plasta mpya ingoje wiki nne. Na sentimita 30 za chini ziache rangi ya udongo, kwa maana mvua ya kwanza ya Machi itazirushia tope jekundu hata kama ulichora mawingu.

Kwa watoto wa shule nina ombi moja tu: toeni manila. Karatasi nyembamba ya fotokopi ikikutana na rangi za maji hujikunja na kutoboka, na mtoto aliyechora vizuri anaonekana mchafu. Jina na darasa viandikwe nyuma kwa penseli, kwani kalamu ya wino mzito hupenya mbele.

Majaji wawe watatu au watano, na kila mmoja ajaze alama zake peke yake kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Wakianza na mazungumzo, mwenye cheo kikubwa huamua na wengine hutikisa kichwa. Kazi zipewe namba, majina yafichwe. Mwalimu aliyefundisha mshiriki akae nje kazi hiyo inapojadiliwa, na hilo liandikwe kwenye kumbukumbu. Kura za mitandaoni mimi sizipendi: zinampima mwenye ukoo mkubwa. Kama mdhamini anazitaka lazima, apewe zawadi ndogo ya pembeni ya kugawa.

Halafu kuna kazi zisizoshinda. Zimelala kwenye stoo ya ofisi fulani, zimeegemea mapipa ya rangi, kingo zimeanza kuliwa na panya. Tangazo litaje tarehe mbili za kuja kuchukua, moja ya katikati ya wiki na moja ya Jumamosi, maana anayetoka Karatu au Rombo hawezi kuomba ruhusa kazini mara mbili, na litaje nani analipa nauli ya mzigo kwa kazi inayorudi kwa basi.