Sefu bila amplifaya: pedali ya priampu inatosha, tatizo ni mpangilio

Wapiga gitaa wengi wanaikubali pedali ya priampu, kisanduku kidogo kinachofanya kazi ya hatua ya kwanza ya amplifaya, kwa shingo upande. Ni ya usiku, watakwambia, ni ya safarini, ni ya wakati mtoto amelala. Kazi yenyewe inafanywa na amplifaya. Kwa mitindo mingi siwapingi. Mtu wa blues anayeutafuta ule mkwaruzo unaotoka pale amplifaya ya vali inapopandishwa mpaka mwisho, atahangaika sana kuupata kwenye kisanduku kinachoenea kiganjani.

Lakini kwa sefu napinga. Nasema juu ya ule muziki wa gitaa usio na mwimbaji, uliozaliwa kusini mwa California mwanzoni mwa miaka ya 1960 miongoni mwa vijana walioshinda baharini wakiteleza juu ya mawimbi. Kati ya mitindo yote ya gitaa la umeme ninayoijua, huu ndio unaopoteza kidogo zaidi ukiutoa kwenye amplifaya na kuuingiza kwenye hedifoni. Wanaosema wamejaribu wakaambulia sauti iliyopooza, mara nyingi wamechomeka vitu kwa mfuatano usiofaa.

Tuanze na sababu. Mwaka 1961 Dick Dale, mpiga gitaa wa sefu, alikuwa anaujaza ukumbi wa Rendezvous Ballroom, kule Balboa, na shida yake haikuwa kukosa mkwaruzo. Shida ilikuwa kwamba amplifaya za wakati ule zilianza kukwaruza, nyingine zikafa kabisa, kabla hajafikia ukubwa wa sauti alioutaka. Mtengenezaji wa magitaa na amplifaya, Leo Fender, na watu wake wakahangaika naye hadi ikapatikana amplifaya ya Showman, ikifungwa spika ya JBL D130 ya inchi 15. Wati zote zile zilitafutwa kwa lengo moja: sauti iwe kubwa na bado iwe safi.

Sasa fikiria chumba chenye mtu mmoja na hedifoni. Ukubwa wa sauti hauhitajiki tena. Tatizo ambalo Showman iliundwa kulitatua limeondoka lenyewe, na kilichobaki ni usafi, ambao pedali ya kawaida inauweza bila jasho. Priampu ndiyo hatua ya kwanza ya amplifaya yoyote: inaipokea ishara dhaifu kutoka kwenye pikapu (sumaku iliyo chini ya nyuzi za gitaa), inaikuza, inaipa sura kwa besi, midi na trebo, yaani sauti za chini, za kati na za juu. Hatua ya nguvu inayofuata, kwenye sefu, inaombwa iongeze misuli tu na isitie maneno yake. Kwa hiyo ukiikosa hatua hiyo umekosa misuli, ila sura unayo. Pedali zilizoiga amplifaya za Fender za miaka ya 1960 huwa zinaibonyeza midi, hasa eneo la hezi 400 hadi 500, na bonde hilo ndilo linaloipa noti ya juu mng'ao na noti ya chini ule mgongo wa chuma. Weka nguvu ya kuingilia chini ya nusu, tumia pikapu ya karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwilini mwa gitaa, na hapo hakuna siri nyingine.

Siri iko kwenye mwangwi.

Kisanduku cha mwangwi ambacho Fender walikitoa mwaka 1961, wapenzi wake wanakiita kwa namba yake, 6G15, kilikaa nje ya amplifaya. Gitaa liliingia humo kwanza, ndipo likaenda kwenye amplifaya. Ndani yake mlikuwa na vali ya 6K6, vali ya nguvu ya aina iliyozoeleka kusukuma spika za redio, na hapa ilipewa kazi ya kuzitikisa springi za chuma, ambazo ishara ya gitaa inapita ndani yake na kutoka na mwangwi. Kilikuwa na nobu tatu. Dwell iliamua springi zipigwe kwa nguvu kiasi gani, Mixer ilichanganya sauti kavu na ya mwangwi, Tone iliung'arisha au kuufifisha. Kuanzia mwaka 1963 Fender wakaanza kuuweka mwangwi ndani ya amplifaya zenyewe, ukiwa na nobu moja na ukiwa umekaa baada ya hatua ya kwanza ya priampu. Ni mwangwi mtamu, sina ugomvi nao. Ila haudondoki.

Kudondoka ndiko kila mpiga sefu anakokutafuta. Kandamiza nyuzi kidogo kwa kisigino cha kiganja, karibu na daraja, kisha upige uzi mnene mara moja kwa nguvu. Mwangwi wa springi uliopangwa sawasawa utatoa mlio mfupi wenye unyevu, kama tone la maji likiangukia ndani ya mtungi uliojaa nusu. Halafu telezesha kidole kutoka juu ya shingo ya gitaa mpaka chini huku ukiendelea kupiga, na usikilize matone hayo yakifuatana hadi yanapoungana. Usipoyasikia, usiguse trebo wala usikimbilie kununua pedali nyingine. Angalia kwanza nyaya zako zinapita wapi.

Mara nyingi utakuta mwangwi umewekwa mwisho, baada ya priampu, kwa sababu ndivyo tunavyofundishwa wote: mikwaruzo mbele, mwangwi nyuma. Ushauri huo ni sahihi kwa mtu mwenye mkwaruzo mwingi, kwani ukiukwaruza mwangwi unapata tope. Wewe huna mkwaruzo. Ukiuweka mwangwi nyuma, unasikia gitaa limesimama mbele na ukumbi mtupu uko mgongoni mwake, vitu viwili visivyojuana. Ukiuweka mbele, lile tone linapita kwenye priampu pamoja na noti iliyolizaa, linabonyezwa midi ileile, linang'arishwa na trebo ileile, na kwa noti kali vyote viwili vinabanwa kidogo kwa pamoja. Unasikia kitu kimoja. Kwa hiyo mfuatano wangu ni gitaa, mwangwi, priampu, kiigizo cha spika (kichujio kinachoiga spika ya gitaa), hedifoni, na kwa sefu sijaona sababu ya kuubadilisha.

Pedali nyingi za priampu za siku hizi zina mwangwi wake ndani. Dream '65 ya Universal Audio, kwa mfano, imeiga Deluxe Reverb ya mwaka 1965 pamoja na springi zake, na kwa kuwa imeiga kwa uaminifu, mwangwi wake umekaa pale ulipokaa kwenye amplifaya ile. Kwa balada ni raha. Kwa sefu mimi naufunga kabisa, au nauacha kwa mbali sana, na natia mwangwi mwingine mbele. Zipo za kidijitali zilizotengenezwa kuiga kile kisanduku cha nje, kama FRV-1 ya Boss na Topanga ya Catalinbread. Na zipo zenye springi za chuma hasa, kama SurfyBear, inayotumia transista mahali pa vali.

Ukiniuliza pesa iende wapi, nitasema iende kwenye springi za chuma, hata kama priampu itakuwa ya bei ya chini. Priampu safi ni priampu safi. Tofauti kati ya ya wastani na ya kifahari, kwenye hedifoni na bila mkwaruzo, ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Springi ni habari nyingine. Zinaujibu mkono. Ukipiga polepole zinanong'ona, ukipiga kwa hasira zinarusha maji, na ukikigonga kisanduku chenyewe kwa kidole cha mguu zinatoa ngurumo ya radi ambayo wapiga sefu wamekuwa wakiitumia jukwaani kwa makusudi. Halafu kuna faida ambayo watu hawaitaji: mbele ya amplifaya kubwa, spika inaitikisa sakafu, sakafu inazitikisa springi, na kisanduku kinaanza kuguna chenyewe. Kwenye hedifoni hakuna kinachozitikisa zaidi ya noti zako. Dwell unaweza kuipandisha mahali ambapo jukwaani usingethubutu.

Baada ya hapo, spika. Spika ya gitaa inaporomoka haraka ukishapita kilohezi 5 hivi, wakati hedifoni inafika hadi kilohezi 20. Ukiichomeka priampu moja kwa moja bila kiigizo cha spika, unasikia yale yote ambayo spika ingeyaficha: mchanga, miluzi, ukali unaowasha masikio. Ndiyo maana SansAmp ya Tech 21, tangu mwaka 1989, ilikuja ikiwa na uchujaji huo ndani yake kwa njia ya analogi. Siku hizi wengi wanatumia rekodi fupi za jinsi spika fulani ilivyoitikia mbele ya maikrofoni, na pedali inaivalisha ishara yako sura hiyo. Chagua ya inchi 15 ukitaka kifua, au ya kabati lililo wazi nyuma ukitaka hewa. Kuna watu wanakusanya rekodi hizi kwa mamia na hawajawahi kumaliza wimbo mmoja, usiwaige.

Jambo dogo la nyaya, nilipite haraka. Tundu la kutokea la pedali nyingi halikuundwa kusukuma hedifoni, kwa hiyo utahitaji kipaza sauti kidogo cha hedifoni, au kiunganishi cha kompyuta, kati yake. Na kama tundu ni la mono na hedifoni ni za stereo, utasikia sikio moja tu. Usiirudishe dukani, haijaharibika.

Sasa mkono. Hapa ndipo mazoezi ya kimya yanapowaharibu watu, na pedali haina hatia. Ukipandisha sauti ya hedifoni, kila noti inakuja kubwa bila juhudi, na mkono, ambao siku zote unatafuta njia rahisi, unaanza kupapasa. Mwezi ukipita umekuwa mpigaji wa kupapasa. Sefu haitaki hivyo. Uzi mwembamba kabisa wa Dick Dale ulikuwa wa inchi 0.016, wakati magitaa mengi ya umeme yanafungwa 0.009 au 0.010, ule ulikuwa mkono wa kupiga ngoma uliopewa gitaa. Na springi, kama nilivyosema, hazidondoki kwa kupapaswa. Kwa hiyo mimi hupanga kinyumenyume: nashusha hedifoni mpaka nilazimike kupiga kwa nguvu ndipo noti isimame. Mkono unabaki mkali, na masikio yanapona. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo unakatwa nusu. Kwenye desibeli 94 una saa moja tu. Hedifoni zinafika huko kirahisi.

Ubaya wa kupiga kwa nguvu ni kwamba kimya chenyewe si kimya. Aliyeko chumba kimoja nawe hasikii mawimbi wala matone. Anasikia piki, kile kipande cha kupigia, ikikwangua nyuzi, taka-taka-taka, dakika arobaini. Mlango ufungwe.

Kuhusu kuchelewa kwa sauti kwenye vifaa vya kidijitali, malalamiko ni mengi kuliko madhara. Chukua mwendo wa mapigo 170 kwa dakika, noti nne kila pigo, ambao kwa sefu ni mwendo wa kawaida: kila noti inachukua kama milisekunde 88. Kuchelewa kwa milisekunde 10 kunasikika kwa mwenye sikio kali. Lakini mtu aliyesimama mita tatu kutoka kwenye amplifaya yake anachelewa karibu milisekunde 9, kwa sababu sauti nayo inasafiri hewani, na hakuna anayelalamika jukwaani. Kinachochosha ni kompyuta iliyopangwa vibaya ikachelewa milisekunde 30 na zaidi. Pedali ya analogi inakuondolea mjadala wote.

Na upigaji ule wa haraka, juu-chini-juu-chini bila kupumzika, ufanyie mazoezi ukiwa mkavu. Funga mwangwi kabisa. Springi zikiwa wazi zinaziba mapengo, na mkono unaopepesuka unasikika umenyooka. Kama unaona ni kukufuru, kumbuka kwamba "Let's Go Trippin'" ya Dick Dale, ya mwaka 1961, haina ule mwangwi mzito tunaoudhani ni roho ya sefu. Mkono ulitangulia, springi zikafuata.

Kitu ambacho pedali haitakupa ni hewa. Spika ya inchi 15 ikipigwa noti ya chini, unaisikia kwenye suruali kabla ya kuisikia masikioni, na hakuna hedifoni ya kufanya hivyo. Nikienda kucheza na wenzangu, naichomeka pedali hiyohiyo nyuma ya amplifaya iliyopo, kwenye tundu la kurudishia, ili priampu ya amplifaya irukwe na misuli yake itumike. Mpangilio wa mwangwi haubadiliki, nobu za sura haziguswi. Ila Dwell nairudisha chini, na kiigizo cha spika nakizima, maana sasa kuna spika ya kweli: ukikiacha, sauti inachujwa mara mbili na trebo yote uliyoihangaikia nyumbani haifiki ukumbini.