Siku ya Tatu Bandarini Seleukia

Asubuhi hii mama mwenye nyumba ameniwekea mkate mezani, kisha akaniuliza kwa upole wa kutisha, "Ndugu, leo ni siku ya ngapi?" Nami, niliyewekewa mikono na kanisa zima la Antiokia nikaipeleke Injili kisiwani Kipro, nikajikuta nikihesabu vidole nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba tende.

Mafundisho ya Mitume, kile kitabu cha kanuni za kanisa, mnayajua: mtume akija apokewe kama Bwana, akae siku moja, au mbili ikibidi, lakini akikaa siku tatu huyo ni nabii wa uongo. Aliyetunga kanuni hiyo, kwa heshima zake zote, hakuwahi kusubiri merikebu.

"Ni ya pili, mama," nikasema, "tukiiacha ile niliyofika jioni."

"Jioni hiyo ulikula?"

"Nilionja."

"Ulionja bakuli mbili za dengu. Hiyo ni siku."

Nikamweleza kwamba jana nilikuwa karibu kuondoka kabisa, kwani nahodha mmoja alikuwa amekubali nilipe nauli kwa kufua maji na kulala sitahani juu ya shehena, ila nilipokanyaga ngazi ya kupandia nikapiga chafya, na mabaharia wote wakanigeukia kana kwamba nimeitoboa merikebu, maana chafya ya ngazini kwao ni mkosi, na safari ikaahirishwa.

"Chafya ngapi?"

"Moja tu, mama."

"Na leo?"

"Leo upepo unatoka magharibi, na Kipro iko magharibi."

"Upepo huu huvuma kiangazi chote."

"Ndiyo, mama."

"Basi utakuwa nabii wa uongo kiangazi chote."

Jamani, nifanyeje? Nishuke baharini nitembee? Aliyejaribu alianza kuzama, naye alikuwa Petro!

Nikajikaza, nikarekebisha joho, nikamkumbusha kwamba Mafundisho yayo hayo yanaagiza mtume aondokapo apewe mkate wa kumfikisha kituo cha kulala, na kwa kuwa kituo changu ni Salamisi, bandari ya Kipro, na kwa kuwa merikebu haimlishi abiria, ni haki yangu kufungiwa mkate wa siku zote za baharini. Aliutazama mkate ule mmoja, akaukata katikati, akarudisha nusu kabatini. Kuhusu fedha sikuthubutu kufungua kinywa, kwa kuwa mtume aombaye fedha hahitaji hata kungojewa siku ya tatu.

Ameniuliza pia kama nina ufundi wowote, akitaja kwamba Paulo alishona mahema kule Korintho. Mimi najua Zaburi.

Njiani kuja huku askari alinibebesha mzigo wake maili moja. Nikaenda naye ya pili kama tulivyofundishwa, wala hakusema ahsante. Kunguni wa nyumba ya wageni siwazungumzii.

Kinachonisumbua sasa ni harufu. Nyumba ya pili kutoka hapa amefikia nabii, na inasemekana jana, akiwa katika Roho, aliagiza meza iandaliwe. Kanuni yamkataza mwenye kuagiza asiile meza hiyo, akila ni wa uongo, na mbuzi ameshachinjwa, yupo jikoni tangu alfajiri. Nimeona ni wajibu wangu kupita jioni kumjulia hali ndugu yule, nikaone kama ana shida ya mtu wa kumsaidia kutokula.