Umetuletea Nini?

Wiki nzima nilijitambulisha kwa kioo. Binamu yangu, aliyekwisha kuitwa kwenye intavyuu tano (kazi hana, ila uzoefu anao), ndiye aliyenifunza: simama wima, watazame machoni, usiseme "eeeh." Hata kwenye matatu kutoka Umoja nilikuwa bado nanong'ona Kizungu changu, macho nimefumba, mpaka mama niliyekaa naye akaitikia, "Amina."

Intavyuu ilikuwa saa kumi jioni, kwenye hoteli moja nyuma ya Mtaa wa Tom Mboya. Bawabu aliniambia, "Juu, mlango wa pili." Upande gani, hakusema, nami sikuuliza. Mtu aliyekariri Kizungu kingi namna ile haulizi njia.

Nikafungua. Watu kama kumi, suti nyeusi, chai ya maziwa, daftari wazi mezani. Mzee wa katikati akasema, "Karibu, kijana. Jitambulishe, halafu utuambie umetuletea nini."

Swali lenyewe!

"Good afternoon, ladies and gentlemen. I am a dynamic individual..." Maneno yakatoka kama mfereji uliopasuka. Nikawaambia presha hainitishi. Nikawapitisha kwenye ndoto zangu za miaka mitano ijayo. Mama mmoja akajifuta machozi. Moyoni nikasema, huyu nimempata. Nikamalizia kwa ile sentensi ya binamu, mkono kifuani: "I am ready to give, and give, and give!"

Makofi. Mwenye daftari akashika kalamu. "Asante sana. Tuandike ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Mchango. Mochari wanadai, na gari la kumfikisha marehemu Busia halijalipwa."

Ndipo nikaiona picha pale mezani, kando ya chupa ya chai: babu mwenye kofia, ananitazama kama mtu aliyesikia yote.

Wewe ungefanyaje? Nikatuma 500 kwa M-Pesa, nauli ya kurudi ikiwa humo humo. Mzee akaniuliza kwa upole, "Na wewe ni wa upande gani wa familia?"

"Wa mlango wa pili," nikajibu.

Chumba chenyewe kilikuwa ng'ambo ya korido. Nilipoambiwa nijitambulishe, nikasimama wima, nikawatazama machoni, nikasema, "Poleni sana."

Nikarudi Umoja kwa miguu, Jogoo Road yote. Karibu na Donholm simu ikalia. Ni yule mwenye daftari, namba yangu ameitoa kwenye M-Pesa.

"Kijana, kamati imekaa. Wasifu wa marehemu utausoma wewe. Kwa Kizungu."