Je, kazi ya tupa tumwachie roboti?

Kipande chochote kilichokerezwa, kutobolewa kwa keekee au kumiminwa kwenye kalibu hutoka na makali yasiyotakiwa. Kwenye chuma na alumini ni miba midogo inayobaki ukingoni baada ya kukatwa. Kwenye plastiki ni utando mwembamba unaojipenyeza pale nusu mbili za kalibu zinapokutana. Asiyeshinda karakana hudhani kuyaondoa ni urembo tu. Mwiba mmoja ukikatikia ndani ya bomba la haidroli, pampu inaharibika. Ukibaki chini ya sili, mafuta yanavuja. Ukibaki kwenye ukingo unaobeba mzigo, ufa unaanzia hapo hapo. Na kabla ya yote hayo, humchana mkono yule anayeunganisha mashine.

Kwa hiyo makali lazima yaondoke, na kuanzia eneo la viwanda la Nakuru hadi kwa mafundi wa jua kali wa Kibuye, Kisumu, anayeyaondoa ni kijana mwenye tupa, msasa na grenda. Sasa kuna vyombo vya roboti vilivyoundwa kwa kazi hii hii, na mabishano yanayovizunguka ni mawili. Mwenye kiwanda anauliza atapunguza vibarua wangapi. Fundi naye anauliza atakula nini. Nayaelewa maswali yote mawili, lakini naona yanaanzia pasipofaa. Mambo mawili ndiyo yanayoamua kama mashine hii ina maana kwetu: unatengeneza vipande vingapi vinavyofanana, na nani anavuta vumbi.

Tuanze na chombo chenyewe. Roboti na vipande vya kumiminwa si wageni kwa wenzao: Unimate, roboti ya kwanza ya viwandani, iliingizwa kazini mwaka 1961 kwenye kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani, ikiinua vipande vya moto vilivyotoka kwenye kalibu za chuma. Ila kusafisha kingo kuliendelea kuwa kazi ya mkono kwa muda mrefu, na sababu iko kwenye kipande. Mkono wa roboti hurudi pale pale kwa tofauti isiyofika sehemu ya kumi ya milimita, lakini alumini ikipoa husinyaa bila usawa, na kipande kikifungwa kwenye jiliwa hukaa upande kidogo. Chombo kigumu kikifuata njia ile ile kwa ukaidi, hapa kitachimba, pale kitapita hewani bila kugusa. Fundi hana shida hiyo kwa sababu kiganja chake kinahisi: tupa ikikwama analegeza, ikiteleza anakaza.

Chombo kinachonepa, yaani kinachofungwa kwenye ncha ya mkono wa roboti na kulegea kidogo kikisukumwa, kinaiga kiganja hicho. Ndani yake mna mota ndogo ya hewa inayozunguka mara 30,000 au zaidi kwa dakika, na kwenye ncha kuna tupa ya duara ya kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma cha kawaida. Mota hiyo haikufungwa imara. Inaegemezwa katikati na duara la pistoni ndogo zinazosukumwa na hewa. Ukingo ukichomoza, ncha inarudi nyuma. Ukingo ukiingia ndani, ncha inaufuata. Ukitaka ikandamize zaidi kwenye chuma, unaongeza presha kwenye regyuleta. Kwenye plastiki unapunguza. Kuna vingine vinavyonepa kwa kuingia na kutoka badala ya pembeni, vinavyofaa zaidi kwa brashi.

Faida yake kubwa kwangu si kasi. Mtazame kijana wa grenda saa tisa alasiri. Ameinamia kifuniko cha pampu, glavu imetoboka kwenye kidole gumba, kitambaa kimefungwa puani kana kwamba kinazuia chochote, na kila akizima mashine anakung'uta vidole kwa sababu vimekufa ganzi. Mtikisiko wa grenda mwaka baada ya mwaka huharibu mishipa ya damu na ya fahamu. Vidole huwa vyeupe, vikapoteza hisia, na uharibifu huo ukikomaa huenda usirudi nyuma. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi. Mwajiri anayesema roboti ni ghali lakini hajawahi kununua barakoa ya maana hana hoja ya gharama. Bei anailipa mtu mwingine.

Upande wa pili una uzito, na uzito huo ni wa hesabu. Tuseme kipande kimoja kinachukua dakika nne kwa mkono, na kuifundisha roboti njia ya kipande hicho, kujaribu na kurekebisha, kunachukua siku mbili. Ukiwa na oda ya vipande 30, fundi atamaliza kwa saa mbili, roboti bado haijafundishwa. Ukiwa na oda ya vipande 6,000, mkono utakula saa 400, yaani siku 50 za kazi. Sasa angalia kazi zetu zilivyo. Karakana inayohudumia viwanda vya sukari vya Chemelil, Muhoroni au Nzoia huletewa shafti moja, gia moja, kifuniko kimoja kilichopasuka, na kesho inaletewa kitu kingine kabisa. Chombo kinachonepa kitakupunguzia gharama ya vishikizo vya usahihi wa hali ya juu, ila hakikuondolei kazi ya kuipangia roboti njia. Kwa karakana kama hiyo ningesema hapana bila kusita.

Kuna hewa pia. Mota hizi zinataka hewa kavu, safi na ya presha thabiti, na zinaila kwa wingi. Kompresa ya kupulizia rangi haitoshi, na stima ikipotea kazi imesimama. Fundi wa tupa anaendelea.

Wala mtu asiuziwe ndoto kwamba roboti huondoa vumbi. Huliondoa puani mwa fundi, lakini vumbi lenyewe lipo, na la alumini hulipuka. Kule Kunshan, China, tarehe 2 Agosti 2014, kiwanda kilichong'arisha rimu za magari kililipuka kwa sababu ya vumbi hilo, na zaidi ya watu 140 wakafa. Anayenunua chombo bila mfumo wa kufyonza vumbi amenunua nusu ya mashine.

Kwa watengenezaji wa kreti na mabeseni ya plastiki nina neno jingine. Utando ukizidi, mara nyingi kalibu imechakaa au haibanwi kwa nguvu ya kutosha. Itengenezeni kwanza. Tena hata ukipunguza presha, ncha inayozunguka kwa kasi hiyo inaweza kuyeyusha plastiki badala ya kuikata. Kisu cha kukwangua hufanya kazi safi zaidi. Na mwenye mashine ya kukereza ya kompyuta anaweza kuiagiza ipunguze ukingo kabla kipande hakijafunguliwa, kwa sekunde chache, bila roboti yoyote.

Nani basi aifikirie? Wanaomimina alumini kwa maelfu, kipande kile kile mwezi hadi mwezi. Hao hapa kwetu ni wachache, ndiyo maana ningependa kuona chombo kimoja kikiwekwa mahali kama Kisumu National Polytechnic, karakana kadhaa zikilipia saa za matumizi na wanafunzi wakijifunzia papo hapo. Hata mkono wa roboti wenyewe unaweza kungoja: mota inayonepa ikifungwa kwenye stendi ndani ya kibanda chenye kifyonza vumbi, mtu akaisogezea kipande kwa kitoroli kinachoteleza, vidole vyake vikiwa mbali na ncha, sehemu kubwa ya faida ya kiafya imeshapatikana kwa gharama ndogo zaidi.

Ila ningeweka sharti moja kabla ya shilingi ya kwanza kutoka. Anayeifundisha roboti awe yule yule aliyekuwa na tupa, kwa mshahara wa mwendeshaji mashine. Yeye ndiye anayejua ukingo upi unakata, upi haudhuru, na wapi kipande kile hutoka kibaya kila Jumatatu kalibu ikiwa bado baridi.