Mgonga Hodi Anauliza "Nani?"

Jamani, mimi ni fundi cherehani hapa Mbagala Rangi Tatu. Kazi yangu ni sare za shule na kuachia magauni ya watu walionenepa baada ya harusi. Kadi ya benki sikuitafuta, ilinifuata. Mwenye shule mmoja alinipa tenda ya sare, akasema noti hashiki, hela anaingiza kwenye akaunti tu. Basi na mimi nikawa mtu wa benki. Tangu siku hiyo sijapata raha.

Jumanne, saa nne asubuhi, nina kiuno cha suruali mkononi na pini tatu mdomoni, simu inaita. Naangalia: namba inaanza na 022. Hiyo ni simu ya mezani, na watu wote niliowafahamu waliokuwa na simu ya mezani wameshatangulia mbele ya haki. Nikapokea kwa adabu ya msibani.

Binti akataja jina langu la kwanza vizuri, la baba yangu akalivunja mguu. Nyuma yake makelele, watu kumi wanaongea kwa mpigo kama kituo cha daladala. Akasema, "Nakupigia kutoka benki, kitengo cha udanganyifu."

Kitengo cha udanganyifu! Hebu likae hilo jina masikioni. Mwizi mwenyewe hawezi kujitaja wazi namna hiyo. Kumbe walimaanisha kitengo cha kuuzuia, lakini neno moja wamelibana, wanabania hata maneno.

Nikasema endelea. Akasema, "Kabla hatujaendelea, baba, naomba unithibitishie tarehe yako ya kuzaliwa na jina la mama mzazi."

Hapo ndipo pini moja iliponidondoka. Nikamwambia: mwanangu, tangu lini mtu akagonga hodi kwa watu, mwenye nyumba akanyamaza, halafu aliyeko nje ndiye akauliza "Nani?" Umenipigia wewe. Jina langu umelitaja wewe, tena vibaya. Halafu mimi ndiye nijieleze?

"Ni utaratibu, baba. Kwa usalama wako."

Nikamwambia basi na mimi nina utaratibu wangu. Niambie salio langu. Akasema haruhusiwi kulitaja kabla sijathibitisha. Nikajua hapa nimemkamata, maana salio langu mimi, mtu aliyeliona hawezi kuongea bila sauti kubadilika. Ama atacheka, ama atanipa pole.

Akawa na haraka sasa. "Baba, niambie tu ndiyo au hapana. Kuna muamala wa dola 49 umejaribu kupita kwenye kadi yako usiku saa tisa. Ni wewe?" Dola 49! Saa tisa usiku! Nikaona huyu hanijui kabisa. Nikamtolea maneno ambayo mtu wa umri wangu, mwenye kofia, hakupaswa kuyatoa mbele ya mteja anayepimwa kiuno. Nikakata. Nikameza mate kwa ushindi, nusura na pini ifuate.

Mjue sikuwa nimeamka tu na ukali huo. Nimefundishwa na maisha. Nani hapa hajapata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani"? Mimi naupata kila mwisho wa mwezi, siku ileile ambayo kweli nina hela ya mtu. Kuna na wa "mimi mwenye nyumba wako, kodi tuma namba hii." Nilipousoma huo nikacheka, nikaufuta. Wiki ya pili mwenye nyumba mwenyewe alikuja na kufuli. Kumbe safari ile alikuwa ni yeye kweli, kabadilisha laini.

Na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, wametupa namba ya kuripoti, 15040. Unapeleka kule ujumbe wa tapeli, wanakuuliza namba iliyokutumia, unaituma. Kazi nzuri sana. Shemeji yangu wa Mkuranga nimemripoti mara mbili.

Turudi kwenye Jumanne. Saa nane mchana simu tena. Safari hii namba ya kawaida, ya mkononi, na sauti ya kiume iliyotulia kama ya sheikh anayefungisha ndoa. Akataja majina yangu matatu yote, la babu yangu kalitamka vizuri kuliko ninavyolitamka mimi. "Shikamoo mzee wangu. Pole na majukumu. Biashara inaendaje? Nyumbani hawajambo?" Nyuma yake kimya, hata feni husikii. Nikajua sasa hii ndiyo benki. Benki lazima iwe na kiyoyozi.

Akasema mzee wangu, kuna mtu anajaribu kutoa fedha kwenye akaunti yako. Maneno yaleyale ya yule binti! Nikaona naam, wamemwona yule mwizi wa asubuhi. Nikamsimulia na kumshitaki binti wa watu, kuanzia 022 mpaka dola 49. Akasikitika sana. "Hao ndio wanaotuharibia kazi, mzee wangu." Akasema usijali, nakutumia namba sita kwenye simu yako, unisomee, tumfungie njia.

Namba zikaja. Sasa, mimi nashona kwa mazoea, kusoma mpaka miwani, na miwani ilikuwa kwenye begi la mama Zuhura. Nikamwita: mama Zuhura, njoo unisomee hizi namba, benki wako hewani. Mke wangu alikuwa mwanafunzi wa madrasa mzuri, hasomi kipande. Akiambiwa soma, anaanza juu mpaka chini, kwa sauti, na herufi kubwa anazisoma kwa sauti kubwa. Akaanza: "Ndugu mteja. Namba yako ya siri ya kutumia mara moja..."

Jamaa kwenye simu akadakia, "Mama, anza na namba tu."

"Ngoja nimalize, mwanangu. USIMPE MTU YEYOTE NAMBA HII, HATA MFANYAKAZI WA..."

"Hiyo ya chini ruka, mama, ni tangazo."

Mama Zuhura akanitazama. Akamwuliza, "Na wewe si ndiye mfanyakazi?" Simu ikakatika. Ndivyo nilivyookoka, ndugu zangu. Nilikosa miwani tu, basi.

Kilichoniuma ni yale majina matatu. Nikamwuliza kijana wa dada yangu, ambaye ni wakala wa kutuma na kutoa hela. Akanicheka. "Mjomba, mbona rahisi. Unaanza kutuma hela kwa namba yoyote, simu inakuonyesha jina la mwenye laini kama lilivyosajiliwa. Unalisoma, halafu unaghairi." Yaani lile "jina litakuja" kumbe kwa mwizi nalo linakuja, tena bure.

Kesho yake nikaenda tawini, maana kadi ilikataa kutoa hela. Foleni nusu siku. Dirishani binti akabonyeza, akabonyeza, akasema, "Baba, kadi yako imefungwa na kitengo cha udanganyifu. Jana kuna mtu alijaribu kuitumia nje ya nchi usiku saa tisa, dola 49. Walikupigia, lakini hapa pameandikwa..." Akasoma kimoyomoyo, akaziba mdomo. "Pameandikwa mteja alikuwa na hasira."

Kumbe nilikuwa nimempa mwanangu wa mwisho ile kadi alipie kifurushi cha mpira kwenye intaneti. Kaandika namba za mbele, kaandika na zile tatu za mgongoni, kwenye tovuti ya bure bure huko. Mpira wenyewe hakuuona. Waliouona ni wengine, na kadi yangu.

Nikamwambia binti: na yule wa pili je, mwenye adabu? Akanieleza taratibu, kama anamweleza mtoto. Benki inaweza kukuuliza tarehe ya kuzaliwa, na kama muamala ni wako au si wako. Namba ya siri ya kadi, zile tatu za mgongoni, na zile sita za kwenye ujumbe hawaulizi, hata awe meneja. Nikamwuliza, sasa hiyo tarehe ya kuzaliwa ina siri gani? Imo kwenye kitambulisho cha NIDA, na kitambulisho changu kimetolewa kopi kwenye kila stesheneri ya Mbagala, nyingine wanafungia karanga. Akakosa jibu, akainamia stapla.

Yaani mwizi anakuamkia, anaijua koo yako, na laini yake haikatiki. Mwenye haki anakuja na makelele, kasahau shikamoo, na anataka jina la mama yako. Nani angechagua sawasawa hapo? Wangembadilisha yule binti na yule jamaa, nchi ingetulia.

"Ukiwa na wasiwasi, baba," akasema, "usibishane na mtu. Kata simu, halafu piga wewe mwenyewe ile namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yako. Ukipiga wewe, una uhakika umetufikia sisi."

Nikaona hilo ni neno. Mgonga hodi nakuwa mimi. Nikamshukuru, nikamwomba radhi kwa yale ya jana, naye akasema ataufikisha ujumbe juu.

Kisha akachukua mkasi, akaikata kadi vipande vinne, akaitupa kwenye ndoo chini ya meza. "Mpya ikiwa tayari, tutakupigia."

Kwa namba gani?

"022, baba."