Asilimia 0.02 waliopotelewa na barua

Tangu Microsoft ilipotoa Exchange 2010, programu ya kuendesha seva za barua pepe ambamo kanzidata moja ya barua pepe huweza kuwa na nakala hai kwenye seva kadhaa kwa wakati mmoja, wapo wasimamizi wa mifumo wanaouona uchukuaji wa nakala ya akiba kila usiku kuwa mazoea ya kizamani. Hoja yao ina uzito. Kanzidata ya terabaiti 2, ikirejeshwa kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa tano na nusu, ilhali seva ikizimika nakala hai hushika nafasi yake upesi kiasi kwamba watumiaji wengi hawatambui.

Hata hivyo, nakala hai huiga kila kitu, kosa likiwamo. Mwishoni mwa Februari 2011 sasisho la programu ya kuhifadhi data za Gmail lilikuja na hitilafu, na baadhi ya watumiaji wakafungua visanduku vyao wakavikuta vitupu. Google ilikuwa na nakala katika vituo tofauti vya data, na hitilafu ikazipitia kadhaa. Zilizookoa barua ni kanda za sumaku, ambazo kwa kuwa zilikaa nje ya mtandao hazikuguswa.

Google ilieleza kwamba walioathirika walikuwa asilimia 0.02 ya watumiaji, na takwimu hiyo husomwa kama ushahidi kwamba tatizo lilikuwa dogo. Sikubaliani na usomaji huo. Ni watu wawili katika kila 10,000, naam, lakini kwa huduma iliyokadiriwa kuwa na watumiaji karibu milioni 200 hao ni kama 40,000, na aliyekuta kisanduku kitupu hakupoteza asilimia 0.02 ya barua zake. Isitoshe, mgawanyo huo ni neema ya ukubwa: ofisi ya watumishi 50 wanaotegemea kanzidata moja haina mahali pa kuificha sehemu ndogo namna hiyo, kwani hitilafu ikiiharibu, wote 50 hukosa barua asubuhi moja.

Huenda ikajibiwa kwamba nakala hai iliyocheleweshwa makusudi, yaani inayotekeleza kila badiliko baada ya siku 7, kama Microsoft inavyopendekeza, ingetosha. Kwa hitilafu iliyogunduliwa mapema, pengine. Kwa mvamizi aliyekwisha kuingia kwenye mitambo, la: Februari 2019 kampuni ya barua pepe ya VFEmail ilifutiwa diski za seva zake za Marekani, za akiba zikiwa miongoni mwake.

Nakala ya akiba nayo ina aibu yake, nayo ni kuaminiwa bila kujaribiwa. Kanzidata ya Exchange iliyorejeshwa bila kufungwa vizuri haifunguki mpaka faili za logi, yaani kumbukumbu za mabadiliko ya kanzidata, kila moja ya megabaiti 1, zisomwe kwa mfuatano wa namba zake. Ikikosekana moja katikati, zinazofuata hazina kazi, na kwa kawaida hilo hugunduliwa alfajiri, mkurugenzi akiwa mlangoni. Ndiyo maana ninaitetea kanda kwa sharti kwamba kila robo mwaka irejeshwe kwenye kanzidata ya urejeshaji, isiyogusa visanduku vinavyotumika, kisha kisanduku kimoja kifunguliwe, itafutwe barua ya wiki iliyotangulia, na kiambatisho chake kisomwe hadi ukurasa wa mwisho.