Sasisho la dakika 78

Kwenye steshenari ninakochapisha kazi zangu, mwenye duka amebandika karatasi juu ya kompyuta: "USIGUSE APDETI." Wino mwekundu, herufi kubwa. Chanzo ni asubuhi moja msimu wa usajili wa vyuo: foleni imefika nje, mashine ikajizima, ikajiwasha, ikaandika asilimia 32 na kuganda hapo. Wanafunzi wakahamia duka la pili. Bando lake la wiki nalo likaliwa lote.

Mafundi wa usalama wa mitandao watamcheka, na ushahidi wanao. Machi 14, 2017, Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu kwenye Windows. Mei 12, karibu miezi miwili baadaye, programu ya wahalifu iitwayo WannaCry ilipita kwenye tundu lilelile, ikafunga mafaili ya watu na kudai fidia kwa bitcoin. Ziliathirika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi 150 hivi, na hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi na kuelekeza magari ya wagonjwa kwingine. Waliobandika kiraka mapema walikunywa chai yao. Mwizi akishajua dirisha bovu, hangoji fundi apate nafasi.

Sasa tuwatazame waliotii.

Ijumaa ya Julai 19, 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, CrowdStrike, kampuni ya Marekani inayouza ulinzi wa kompyuta, iliwatumia wateja wake faili dogo. Faili lilitaka taarifa 21. Programu ya kulisoma ilikuwa na 20. Ilipoenda kutafuta ya 21 ikaangukia patupu, na kwa kuwa programu yenyewe hukaa ndani kabisa ya kiini cha Windows, haikuanguka peke yake. Kioo cha bluu, inajiwasha, bluu tena. Saa 2:27 faili likaondolewa. Dakika 78 tu, lakini kwa makisio ya Microsoft mashine milioni 8.5 zilikuwa zimeshalala. Shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta safari 7,000 hivi. Wezi hawakuingia, tukubali. Hata wenye nyumba hawakuingia.

Na dawa? Mara nyingi ilikuwa mtu na miguu yake: aende kwenye mashine, aiwashe kwa hali ya dharura, afute faili moja, ahamie inayofuata. Palipokuwa na diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, aanze kwanza kuingiza tarakimu 48 za ufunguo. Kampuni, kwa moyo wa ukarimu, iliwapelekea washirika wake vocha za chakula za Uber Eats za dola 10. Baadhi walipojaribu kuzitumia wakakuta zimefutwa, kwa sababu mfumo wa Uber ulizishuku kuwa ni utapeli. Angalau mfumo huo ulikuwa macho.

CrowdStrike wenyewe wana utetezi, na si wa kupuuzwa. Shambulio jipya husambaa kwa saa, si kwa wiki, hivyo faili la kulitambua lazima liende haraka. Mashine zilizoanguka hazikufika hata asilimia 1 ya Windows zote. Sawa. Lakini haraka si lazima iwe kwa wote kwa mpigo. Wapo wateja waliokuwa wamechagua kubaki toleo moja nyuma, makusudi, ili wengine watangulie kuumia. Uchaguzi huo ulihusu programu yenyewe, na faili hili likawapita juu kwa juu. Ni baada ya maafa ndipo kampuni ilipotangaza kwamba mafaili ya aina hii yatatumwa kwa mafungu. Mama ntilie hudondoshea mchuzi kiganjani na kuuonja kabla ya kumpakulia mteja wa kwanza, wala hana hisa sokoni New York.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kusasisha, ila si asubuhi ya foleni, na si kuwa wa kwanza. Nilimwambia hivyo mwenye steshenari: nakili mafaili kwenye flashi, ngoja siku chache, iachie mashine usiku ijimalizie. Alinisikiliza vizuri huku akinibania karatasi zangu kwa stepla.

"Na bando utaninunulia wewe?"

Karatasi nyekundu bado ipo.